Mbwa au Paka Akishikwa na Degedege: La Kufanya Nyumbani, Njiani na kwa Daktari

Tazama saa. Mbwa akianguka ghafla sebuleni, miguu ikakakamaa, kichwa kikapinda nyuma na mwili wote ukaanza kutukutika, tazama saa ya ukutani au washa saa ya simu kabla hujamgusa. Degedege nyingi hukoma zenyewe ndani ya dakika moja au mbili, ila anayetazama huona kama robo saa imepita. Usipopima, hutajua kama ni ya kungoja iishe au kama ulipaswa kuwa tayari garini. Mpaka ni dakika tano. Ikivuka hapo, joto la mwili hupanda, ubongo huanza kuumia, na degedege huwa ngumu kuizima hata kwa dawa ya mshipani.

Usitie kitu chochote mdomoni mwake: si kijiko, si kitambaa, si kidole. Mbwa hawezi kumeza ulimi wake. Anachoweza ni kuuma, kwa maana wakati huo hakujui na taya hujifunga kwa nguvu asiyoitawala. Usimmwagie maji usoni na usimpe maziwa, hata majirani wote wakisema ni sumu na maziwa ndiyo dawa. Mnyama anayetukutika hamezi. Utakachomimina kitaingia mapafuni, na nimonia ya namna hiyo inaweza kumuua siku kadhaa baada ya degedege kuisha. Vilevile usimkandamize sakafuni ukidhani utaituliza mikono na miguu. Degedege inatoka kwenye ubongo, na ukimbana utamtegua kiungo bure.

Kazi yako ni kumwondolea hatari. Sukuma stuli na meza ya kioo. Akiwa karibu na ngazi, balkoni au barabara, mtelezeshe juu ya blanketi au mvute taratibu kwa ngozi ya mgongoni, wewe ukiwa upande wa mgongo wake, mbali na meno. Weka sweta au mto mwembamba kati ya kichwa na saruji. Zima televisheni, punguza taa, watoto watoke chumbani. Mbwa wengine watoe kwanza kabla ya yote haya, kwani mbwa humvamia mwenzao anayetapatapa, hata kama wamelala pamoja miaka mitano. Mwenye mikono mitupu achukue video ya simu, mwili mzima uonekane, uso ukiwemo. Daktari atajifunza mengi kwa sekunde 30 za video kuliko kwa nusu saa ya maelezo.

Dakika ya tatu ikifika bado anatukutika, anza kumpoza. Fungua dirisha, washa feni, lowesha nyayo, tumbo na kinena kwa maji ya kawaida ya mfereji. Barafu usitumie, hubana mishipa ya ngozi na joto hubaki ndani. Ukiwa na kipimajoto cha njia ya haja na ameshatulia, acha kumpoza akifika nyuzi 39.5, la sivyo atashuka kupita kiasi.

Paka huwa na vituko vyake. Wengine hutukutika mwili mzima kama mbwa, lakini wengi huonyesha upande mmoja tu wa uso ukicheza, mate yakitiririka, mboni zimepanuka, au hukimbia kama wazimu na kugonga kuta. Usimfukuze. Funga mlango wa chumba, mrushie taulo nene juu akiwa hatarini kuanguka kutoka juu ya kabati, na mikono yako iwe mbali na makucha.

Degedege ikikoma, bado hajawa yeye. Atazunguka chumba, atagonga vitu kana kwamba haoni (na mara nyingine kweli haoni kwa muda), atalia, atatafuta chakula kwa pupa. Hali hii huchukua dakika chache hadi saa kadhaa, na wengine huchukua siku nzima kurudi sawa. Ongea naye kwa sauti ya chini na usimkumbatie, kwa sababu anaweza kukuuma bila kukutambua. Maji mpe akiweza kutembea bila kuyumba. Chakula kidogo baada ya nusu saa hivi. Kama ni mtoto wa mbwa au paka mdogo, au ni mnyama wa kisukari anayedungwa insulini, mpake asali au glukosi iliyokorogwa nzito kwenye ufizi baada ya kutukutika kukoma, kisha elekea kwa daktari. Huenda sukari ya damu ndiyo iliyoshuka.

Safari isiyongoja asubuhi

Nenda mara moja degedege ikipita dakika tano, ikirudi kabla hajapata fahamu, au zikimpata mbili au zaidi ndani ya saa 24. Nenda pia ikiwa ni mara ya kwanza maishani, akiwa na mimba au ananyonyesha, akiwa chini ya miezi sita, akiwa na kisukari, au ukishuku sumu.

Nairobi, tatizo si umbali tu. Matatu nyingi hazitakubali mbwa, dereva wa teksi ya programu anaweza kukataa akifika langoni, na Barabara ya Mombasa saa kumi na mbili jioni haimhurumii mgonjwa. Panga leo, mnyama akiwa mzima. Uliza kliniki tatu zilizo karibu nawe kama zina daktari usiku, na kama daktari huyo yupo kwenye kliniki au huitwa kutoka nyumbani. Hakikisha amesajiliwa na KVB, bodi inayosimamia madaktari wa mifugo nchini. Kitivo cha udaktari wa mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Upper Kabete na kina kliniki ya wanyama wadogo. KSPCA, shirika la kulinda na kutunza wanyama, wako upande wa Karen, Barabara ya Lang'ata. Piga simu kujua saa zao kabla ya siku ya dharura. Patana na dereva mmoja anayekujua na asiyeogopa mbwa, na mwambie askari wa lango la mtaa kwamba ukitoka usiku kwa kasi asikuzuie kwa maswali. Namba zote ziandike kwenye karatasi ubandike mlangoni mwa friji, kwa kuwa anayebaki na mnyama mchana mara nyingi ni dada wa nyumbani, na simu yako iko nawe kazini.

Chanzo: anza na sumu

Kifafa cha kuzaliwa nacho, kile ambacho vipimo havionyeshi kosa lolote kwenye ubongo, kwa kawaida huanza kati ya miezi sita na miaka sita. Jamani shepadi, Labrador, Golden Retriever na Beagle hukipata zaidi, na mbwa wa aina hizo wamejaa katika mitaa ya Nairobi. Lakini usikimbilie jina hilo. Katika mji huu kuna mengine ya kuondoa kwanza.

Sumu hutangulia. Nyama iliyotupwa ndani ya ua usiku, sumu ya panya isiyo na lebo iliyonunuliwa kwa mchuuzi, dawa ya konokono ya bustanini. Sumu za wadudu za kundi la oganofosfati na kabamati humfanya atiririkwe na mate, aharishe, akojoe ovyo, mboni ziwe ndogo kama nukta na misuli icheze kabla ya degedege. Wanyama wawili wakianguka siku moja, chukulia ni sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Beba pakiti, mabaki ya nyama, hata matapishi kwenye mfuko wa plastiki. Dawa ya kuzuia sumu moja haifai kwa nyingine. Usimtapishe mnyama aliyekwisha kutukutika, wala usimlishe makaa.

Sumu nyingine huingia kwa nia njema. Dawa za kupe za ng'ombe kutoka agroveti, zikichanganywa kwa kukisia na kumwagiwa mbwa, zimeangusha wengi. Permethrini, dawa ya viroboto na kupe iliyotengenezewa mbwa, humtetemesha na kumtukutisha paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Ikimgusa paka na bado hatukutiki, mwoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, mkaushe apate joto, umpeleke. Sindano ya ivermektini ya ng'ombe nayo isidungwe mbwa kwa kukadiria, hasa Collie na jamaa zake, ambao wengi wao wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia ubongoni. Chokoleti nyeusi, na chingamu au peremende zisizo na sukari zenye zailitoli (kitia utamu cha badala ya sukari), ziwekwe mbali na mbwa. Zailitoli huporomosha sukari ya damu haraka.

Baada ya sumu ni maambukizi. Distempa huwapata watoto wa mbwa wasiochanjwa: makamasi, kuhara, kisha wiki chache baadaye taya huanza kutafuna kitu kisichopo na mguu mmoja kucheza hata akilala. Homa ya kupe, hasa babesia, inaweza kufika ubongoni. Tazama ufizi uliopauka, mkojo wa kahawia na homa. Mama anayenyonyesha, zaidi wa aina ndogo, huweza kuishiwa na kalisi katika wiki za kwanza baada ya kuzaa: huhema, hukakamaa, hutetemeka. Watenge watoto wasimnyonye na umpeleke saa hiyo hiyo, kwa sababu kalisi ya mshipani humrudisha haraka.

Na kichaa cha mbwa hakijaisha Kenya. Mbwa asiyechanjwa aliyebadilika tabia kwa siku kadhaa, sauti ikawa ya kukwaruza, taya likaning'inia na mate kumtoka bila kumeza, usimguse hata kama inaonekana mfupa umemkwama kooni. Watu huambukizwa hapo hapo, wakiutafuta mfupa usiokuwepo. Mfungie chumbani, ita daktari. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuanza chanjo.

Kwa paka, hasa anayeanza ukubwani, mara nyingi kuna kitu kingine nyuma ya degedege: shinikizo la damu, figo, uvimbe, maambukizi. Paka wazee wengine hutukutishwa na sauti kali na nyembamba: funguo zikigongana, karatasi ya foili, kijiko kikigusa bakuli la udongo. Ukiona hivyo andika ni sauti gani, kwa kuwa dawa inayowafaa hao ni tofauti na ile ya kawaida.

Tofautisha pia degedege na kuzimia. Mwenye moyo mbovu huanguka akikimbia au akisisimka, hulegea, na huinuka baada ya sekunde chache akiwa na akili zake. Degedege huja mara nyingi akiwa ametulia au usingizini, na humwacha amechanganyikiwa.

Utakachoulizwa na daktari

Fungua daftari. Kila mara andika tarehe, saa ilipoanza, dakika ilizochukua, sehemu ya mwili iliyoanza, kama alikojoa au kujisaidia, alichofanya saa chache kabla, na muda aliochukua kurudi sawa. Ongeza chakula kipya, dawa ya viroboto, dawa ya minyoo, chanjo. Vipimo vya kwanza ni sukari, kalisi, ini, figo, hesabu ya damu na kuangalia vimelea vya kupe. Kwa mtoto wa mbwa anayelewalewa baada ya kula, uliza juu ya mshipa unaoruka ini.

Degedege moja fupi kwa mwaka mara nyingi haihitaji dawa ya kila siku. Madaktari huanza dawa zikiwa mbili au zaidi ndani ya miezi sita, zikija kwa mfululizo, au moja ikipita dakika tano. Usingoje zizidi ndipo ukubali. Kadiri ubongo unavyozoea kutukutika, ndivyo dawa inavyoshindwa.

Vidonge, na saa tena

Dawa ya kwanza kwa mbwa na paka ni fenobabitoni. Ni rahisi kupatikana kwa kuwa ndiyo ileile ya binadamu, ila huuzwa kwa cheti cha daktari. Mbwa huanza kwa miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo, kila saa 12. Mbwa wa kilo 24 kwa kipimo cha 2.5 atahitaji miligramu 60, yaani vidonge viwili vya miligramu 30, asubuhi na jioni. Paka wa kilo 4 mara nyingi huanza na robo ya kidonge cha 30. Hesabu hii ni ya kukusaidia kukagua cheti. Kipimo atakipanga daktari baada ya kumpima uzito. Kila ukinunua, soma miligramu kwenye pakiti. Duka likikosa za 30 na kukupa za 60, idadi ileile ya vidonge ni dozi maradufu.

Chagua saa moja asubuhi na saa moja jioni, au saa mbili na saa mbili, na usiyumbe. Weka kengele mbili kwenye simu. Kwa mbwa, kidonge ndani ya tonge la ugali lenye kipande cha ini hupita bila ugomvi. Mpe kwanza tonge tupu, la pili lenye dawa, la tatu tupu. Paka akishamezeshwa apewe maji kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au chakula laini, kidonge kisigande kooni. Ukisahau dozi, mpe unapokumbuka na uendelee na ratiba; usimpe mbili kwa pamoja.

Wiki mbili za kwanza atalala sana, atayumba nyuma, atakunywa na kukojoa mara nyingi, atalia njaa. Kuyumba hupungua, njaa hubaki, kwa hiyo mpimie chakula, maana kilo zikiongezeka dozi haitoshi tena. Dawa hufikia kiwango thabiti kwenye damu baada ya wiki mbili hivi, na hapo ndipo damu hupimwa. Rudia miezi mitatu baadaye, halafu kila miezi sita pamoja na ini. Kiwango kinachotafutwa ni kati ya mikrogramu 15 na 35 kwa mililita. Mnyama anayetukutika akiwa na 12 hahitaji dawa mpya, anahitaji kuongezewa hii. Kiwango kikikaa juu ya 35, ini huwa hatarini. Akiwa na macho ya manjano, kutapika au tumbo kujaa, mpeleke bila kungoja tarehe.

Fenobabitoni isipotosha, mbwa huongezewa potasiamu bromidi au levetirasetamu. Bromidi hushindana na chumvi, hivyo mbwa akila mabaki yenye chumvi nyingi wiki hii na yasiyo na chumvi wiki ijayo, kiwango cha dawa kitapanda na kushuka. Paka asipewe bromidi, humharibu mapafu. Levetirasetamu ya kawaida hutolewa kila saa 8, na hilo linahitaji mtu nyumbani mchana. Diazepamu ya kumeza kila siku haifai kwa paka. Inaweza kuua ini lake.

Daktari anaweza kukupa diazepamu ya kuzima degedege nyumbani, ya kuingiza kwenye njia ya haja kubwa, kwa mbwa ambao degedege zao huja kwa mfululizo. Kipimo cha kawaida ni miligramu 1 kwa kilo, au 2 kwa mbwa ambaye tayari yuko kwenye fenobabitoni. Omba akuonyeshe kwa mikono. Huvutwa kutoka kwenye ampuli ya kioo, sindano hutolewa, bomba hupakwa mafuta na kuingizwa sentimita chache tu, kwani ukienda ndani sana dawa hupitia ini kwanza na nyingi hupotea. Bana mkia chini dakika moja. Usiihifadhi ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu dawa hunata kwenye plastiki. Iache kwenye ampuli yake, gizani. Siku hizi wengine hutoa midazolamu ya puani, ambayo hufanya kazi vizuri.

Dawa za kutafuna za kupe na viroboto za kundi la isoksazolini, kama NexGard, Bravecto na Simparica, zina onyo tangu 2018 kutoka mamlaka ya dawa ya Marekani kwamba zinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya wanyama. Mwenye kifafa atafutiwe nyingine. Na kila daktari anayemwandikia dawa yoyote aambiwe kuhusu fenobabitoni.

Kinachoharibu kazi yote hii mara nyingi ni Desemba. Familia inaenda ushago, mbwa anaachiwa askari na gunia la chakula, vidonge vinasahaulika kwa siku mbili. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, ubongo hurudi na degedege mbaya kuliko za mwanzo, zile zisizokoma. Gawa dozi mapema kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku, mwonyeshe atakayebaki mara kadhaa ukiwa bado upo, mwachie pesa ya teksi, na nunua vidonge vya kutosha wiki mbili zaidi kabla maduka hayajafungwa kwa sikukuu. Kama hakuna mtu wa kuaminika, safiri naye au mlaze kwenye kliniki.

Nyumba nayo ibadilike kidogo. Geti dogo juu ya ngazi, wavu kwenye balkoni ya ghorofa, asilale kitandani kwako akaanguka, asiogelee peke yake. Mtoe kola inayoweza kunasa akiwa ndani.

Lengo la dawa ni degedege zipungue angalau kwa nusu, ziwe fupi na zisije kwa mfululizo. Wachache huacha kabisa. Mnyama aliyekaa mwaka mmoja hadi miwili bila hata moja, daktari anaweza kukubali kupunguza, kwa asilimia isiyozidi 20 ya dozi kila mwezi, daftari likiendelea kuandikwa. Degedege ikirudi katikati ya kupunguza, mrudishe kwenye dozi ya mwisho iliyomtuliza na umpigie daktari siku hiyo.